Kusemezana na kusikilizana ghalani: mwongozo kwa wasimamizi na makarani wa msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kushuka kutoka Tandahimba, Newala na Nanyamba kuja maghala ya Mtwara, watu ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja hujikuta chini ya bati moja kwa miezi mitatu minne. Karani aliyemaliza chuo juzijuzi, mtunza ghala aliyezeekea kazini, vibarua wa Mikindani na Naliendele, madereva wa fuso wasiolala, mlinzi, mhasibu wa chama cha msingi, na mkulima aliyefunga safari kuja kuulizia pesa yake. Wote wanajua Kiswahili. Bado haupiti msimu bila mzigo kupakiwa kwenye gari lisilo lake, wala bila watu wawili kumaliza Desemba hawasemezani.

Msimamo wangu niuseme mapema. Ugomvi mwingi wa kazini hauletwi na roho mbaya, unaletwa na maneno yaliyokatikia njiani. Mmoja kasema nusu, mwenzake kasikia nusu, na heshima ikawazuia wote wawili kuulizana. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kumalizia maneno. Habari za kutabasamu na lugha nzuri kwa mteja wengine wameshazifundisha vya kutosha. Nimeandika nikiwa na ghala la korosho kichwani, ila anayefanya kazi zahanati, halmashauri au bandarini ataona panapomhusu.

Hatua ya 1: Chora njia ya maneno kabla magari hayajaanza kufika

Tangu stakabadhi ghalani ianze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima hauzi tena mkono kwa mkono na mnunuzi. Korosho zinapelekwa chama cha msingi, zinapimwa, zinapakiwa hadi ghala kuu, zinapimwa tena uzito na ubora, zinaingia kwenye orodha ya mnada, zinapata mnunuzi, na pesa inarudi kwa njia yake mpaka kwenye akaunti ya mkulima. Kila kituo kina karani wake na daftari lake. Neno likipinda kidogo kule kijijini, likifika ghalani limeshaota mkia.

Kabla ya msimu, keti na wenzako mchukue karatasi kubwa. Andikeni nani anapokea taarifa ya gari lililoondoka AMCOS, yaani chama cha msingi, anampa nani, kwa simu au kwa karatasi, na inaandikwa wapi. Mkifika mahali ambapo jibu ni “yeyote aliyepo”, hapo ndipo mtakapopigana Novemba. Wekeni jina la mtu mmoja, na la pili la kushika nafasi akienda kuswali au kula. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na mzani, namba za simu zikiwa zimeandikwa kwa kalamu nene. Ikifungiwa kwenye droo ya meneja haina kazi.

Hatua ya 2: Amkia kwanza, kazi baadaye

Msimamizi ana miaka 27, mtunza ghala ana 58. Nani amwamkie mwenzake? Huku Kusini hakuna mjadala: kijana anatoa shikamoo, cheo kinasubiri. Nimeona vijana wanaongoja waamkiwe wao kwa sababu majina yao yako juu kwenye karatasi. Hakuna atakayewagombeza, ila kuanzia siku hiyo hakuna mzee atakayewaambia kwamba turubai la nyuma limechanika na wingu linakuja.

Shikamoo haikupunguzii mamlaka. Ukishaamkia, unaweza kumwambia mzee huyohuyo jambo zito na akalipokea. Ukianza na jambo zito, atasikia namna ulivyoingia tu.

Kwa wanaotoka mikoa ambako salamu ni neno moja: hapa habari za asubuhi, za nyumbani na za wagonjwa ni sehemu ya kazi. Huna haja ya kumaliza robo saa. Gari likiwa linangoja, sema wazi: “Shikamoo mzee. Gari la pili limeshaingia, nitakuja tuongee vizuri likishatoka.” Kisha uende kweli. Anayeahidi kurudi na harudi ni afadhali angepita kimya.

Kuitana nako kuna mipaka yake. “Njomba” ni neno la kawaida Mtwara na linalainisha mambo kati ya wanaume wa rika moja, lakini usimwite hivyo mtu uliyemjua asubuhi hiyo kisha dakika hiyohiyo ukamwamuru. Na karani wa kike aitwe kwa kazi yake au kwa “dada” au “mama” kulingana na umri. Haya mambo ya “mrembo” na “mtoto mzuri” mbele ya madereva kumi yanamfanya aache kuuliza maswali. Karani asiyeuliza maswali ni hasara ya magunia.

Hatua ya 3: Toa maelekezo yaliyokamilika

Sikiliza maelekezo haya, ya kila siku kabisa:

“Njomba, toeni yale ya upande wa kule, wekeni kwenye lile gari la jana.”

Aliyesema anaona ghala lote kichwani mwake. Aliyesikia anaona rundo nne na magari matatu. Maelekezo yaliyokamilika yanasema nani, nini, kiasi gani, wapi na mpaka lini, na mwishoni yanasema kifanyike nini mambo yakienda kombo (loti ni fungu la mzigo lenye namba yake):

“Loti namba 14, mstari wa tatu kutoka mlangoni. Magunia 120. Yapakiwe kwenye fuso lililo karibu na mzani, namba zake ni 482. Tuanze sasa, tumalize kabla ya saa 6 mchana. Yakipungua nipigie, msijazie kutoka loti nyingine.”

Sentensi ya mwisho ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayookoa. Kibarua akikuta magunia 117 hatasimama kukutafuta. Ataazima matatu rundo la jirani kwa nia njema kabisa, na loti mbili zitakuwa zimeharibika hesabu badala ya moja.

Kuhusu saa, naomba nikae hapa kidogo maana tabu yake haiishi. Barua pepe ya mnunuzi au ya wakala wa meli huandika 8:00. Karani anaihamishia kwenye grupu la WhatsApp kama “saa 8”. Dereva anasoma saa nane, anakula mchana wake kwa utulivu, anafika ghalani vibarua wameshakata tamaa na nafasi ya bandarini imepita. Wala hakuna mzembe hapo. Weka sharti moja ghalani: saa iandikwe kwa Kiswahili, sehemu ya siku itajwe, na ile ya saa ya mkononi ifuate pembeni. “Saa 2 asubuhi, 8:00.” “Saa 9 alasiri, 15:00.” Inachosha kuandika, ila bado ni rahisi kuliko kumlipa mwenye gari siku ya pili.

Maneno kama “baadaye kidogo”, “kesho mapema” na “nakaribia” yaondoke kwenye maelekezo ya kazi. Dereva akikwambia “nimeshaingia Naliendele”, usibishane naye. Muulize kushoto kwake anaona nini. Mara nyingi utagundua bado yuko Nanyamba, na utakuwa umejua bila kumwita mwongo.

Hatua ya 4: Maneno yarudishwe

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na kwa sababu ya malezi yetu ndiyo ngumu kuliko zote.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife katika visiwa vya Canary, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu njiani mwa kurukia. Watu 583 walikufa. Rubani wa ndege moja alianza kuruka akiamini ameruhusiwa, mnara ukiamini bado anangoja. Maneno yaliyopita redioni yaliweza kueleweka kwa namna zote mbili, na mawimbi ya redio yakafunikana sekunde iliyohitajika. Baada ya hapo lugha ya marubani na minara ilikazwa duniani kote: maelekezo ya kuruka na kutua yana maneno yake maalumu, na rubani lazima ayarudie kwa mnara kabla ya kuyatekeleza. Hata ndege inayotua Mtwara leo inafanya hivyo. Hakuna rubani anayeona ametukanwa kwa kuambiwa arudie.

Sisi tunaona tumetukanwa. Ukimuuliza mtu mzima “umeelewa?”, atajibu ndiyo, kwa sababu hapana ni kukiri mbele za watu kwamba hakuelewa. Swali hilo liache kabisa. Beba mzigo mwenyewe:

“Mzee, nimeongea haraka. Hebu nihakikishe kama nimesema sawasawa, tunaanza na gari lipi?”

“La karibu na mzani.”

“Magunia?”

“Mia na kumi na mbili.”

“Ah, hapo nimesikika vibaya. Mia na ishirini. Mia, ishirini.”

“Mia na ishirini. Na yakipungua nikupigie.”

“Hapohapo, mzee. Ahsante.”

Mazungumzo hayo hayafiki hata nusu dakika. Angalia kwamba kosa limebebwa na aliyesema: “nimesikika vibaya”. Mzee hakuwekwa kitimoto, na hesabu imenyooka.

Kwenye simu kuna mtego wa namba unaojulikana na kila karani. Mtandao ukikwaruza, thelathini na themanini ni mapacha. Sita na saba nazo zina udugu. Kwa simu taja tarakimu mojamoja, “nane, sifuri”, na upande wa pili uzirudie vivyo hivyo. Namba za magari na za loti zisitajwe kwa jumla hata mtandao ukiwa mzuri.

Msimamizi aanze kurudia yeye. Ukipewa maelekezo na meneja mbele ya vibarua, yarudie kwa sauti. Wakiona bosi anarudia bila aibu, hutahitaji kufundisha sana.

Hatua ya 5: Msikilize aliyekuja na hasira mpaka mwisho wa hesabu yake

Mkulima ameshuka na basi la alfajiri kutoka Newala. Anaingia ofisini hajakaa, anasema:

“Mmenikata pesa yangu. Redioni wametangaza bei yao, benki nimekuta kitu kingine.”

Jibu linalomjia karani haraka ni hili: “Hayo ni makato ya kisheria, nenda chama kikuu.” Lina ukweli ndani yake, na halimfai mtu. Mkulima anatoka akiwa na hakika kwamba ameibiwa, na jioni kijiji kizima kina hakika hiyo.

Jaribu hivi. Kwanza kiti na salamu. Kisha uliza hesabu yake, usianze na yako: “Baba, ulipeleka kilo ngapi? Bei uliyoisikia ni ipi? Na benki imeingia ngapi?” Andika mbele yake, aone mkono wako unaandika namba zake. Halafu mrudishie: “Kwa hiyo ulizidisha kilo kwa bei ya redioni, ukategemea kiasi hiki, na kilichoingia ni hiki. Pungufu ndiyo iliyokuleta. Ndivyo?” Akisema ndivyo, sauti yake itakuwa imeshuka. Bado hujamlipa senti, umemwonyesha tu kwamba shida yake imefika.

Hapo ndipo ufungue daftari. Mpitishe mstari kwa mstari: bei ya mnada, kisha makato moja moja kwa majina yake na kinakokwenda kila kimoja, kisha kilichobaki kwa kilo, kisha zidisha naye. Mara nyingi shida ni kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha tofauti ya bei ya mnada na bei ya mkononi. Mara nyingine shida ni kweli: kilo zimeandikwa pungufu, au mzigo wake umeingia kwenye mnada wa wiki iliyofuata ambao bei yake ilikuwa nyingine. Usipomsikiliza mpaka mwisho hutajua ni ipi kati ya hizo.

Kama jibu huna, “njoo kesho” ni jibu baya sana kwa mtu wa Newala. Kesho kwake ni nauli ya kwenda na kurudi na siku ya shamba iliyopotea. Chukua namba yake, mwambie utampigia siku gani na saa ngapi, na umpigie hata kama bado hujapata jibu. “Baba, bado wanafuatilia, nitakupigia tena Ijumaa jioni” inatosha kumweka nyumbani kwa amani.

Na kwa viongozi wa vyama vya msingi: mkitangaza matokeo ya mnada kijijini, tangazeni bei zote mbili kwa pumzi moja, ya mnada na ile itakayobaki baada ya makato. Mkitangaza ile kubwa peke yake mtapigiwa makofi siku hiyo, na wiki mbili baadaye makarani wenu ndio watakaokula matusi.

Kuhusu mikono na uso. Kwenye semina nyingi utaambiwa kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, na mwili 55. Namba hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian kule Marekani mwaka 1967. Yalihusu namna mtu anavyopima hisia za msemaji, kama anampenda au hampendi, pale neno na sauti au uso vinapopingana. Mwenyewe amesema wazi kwamba hazihusu mazungumzo yote. Hebu jaribu kumtajia mtu namba ya loti kwa nyusi. Uso na sauti vina kazi kubwa mkulima akiwa amekasirika, nakubali. Lakini hesabu husemwa kwa maneno, na maneno hayo yakiwa mabovu hakuna tabasamu la kuyaokoa.

Hatua ya 6: Mrekebishe mtu faraghani, mapema, na kwa kosa lenyewe

Daftari la ghala linasema gari limeshusha magunia 102. Karatasi ya mzani inasema 120. Tofauti ni magunia 18, na kwa kilo 80 gunia moja ni kilo 1,440. Aliyeandika ni mtunza ghala, mtu wa makamo, mwaminifu. Macho yake yamechoka na hataki kuvaa miwani mbele ya vijana.

Njia ya kwanza, inayopendwa na wasimamizi wapya, ni kusimama mlangoni: “Nani kaandika huu upuuzi?” Kila mtu anajua nani kaandika. Mzee hatajibu. Ataendelea na kazi, na hutapata taarifa nyingine kutoka kwake msimu mzima.

Njia ya pili ni kunyamaza, urekebishe namba mwenyewe usiku. Hii inaonekana ya heshima kumbe ni mbaya kupita ya kwanza, kwa sababu kosa litarudi na siku litakapogunduliwa na mkaguzi daftari litakuwa na mikono miwili.

Njia ya tatu: subiri vibarua waende kunywa chai, nenda na vitabu vyote viwili.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nimekuja tusaidiane kitu. Gari la saa 3 asubuhi, mzani unasema hivi, daftari linasema hivi. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Ilikuwaje?”

Mwache atazame. Usimalizie sentensi yake. Atasema mwenyewe: “Loo, hapa nimegeuza.”

“Basi tukate mstari mmoja, uandike iliyo sahihi juu yake, utie sahihi, na mimi nitie yangu. Na kuanzia leo tufanye hivi: karani wa mzani akutajie, uandike, umrudishie. Itatusaidia wote, hata mimi nageuza namba nikichoka.”

Hapo pana mambo matatu, na la katikati ndilo zito. Umetaja kilichotokea bila kumtaja tabia. Umemuuliza kabla ya kumhukumu, kwa sababu huenda mzani ndio ulikosea. Umetoka na utaratibu mpya badala ya karipio. Miwani yake iache. Kama mnaelewana vizuri utaitaja siku nyingine, mkiwa mnatembea kuelekea getini, na pengine kwa utani.

Mapema maana yake siku hiyohiyo. Kosa la Jumatatu likisemwa Ijumaa linageuka kuwa kesi, kwa sababu mtu atauliza ulikuwa unalihifadhia nini.

Na ukikosewa wewe na mkubwa wako? Utaratibu ni uleule ila maneno yanapungua. “Mkuu, nina jambo dogo, ukipata nafasi.” Kisha swali, siyo shutuma: “Yale maelekezo ya jana ya loti 14, niliyatekeleza kama nilivyoelewa, na leo nimeambiwa vingine. Nifuate yapi?” Mkubwa mwenye busara atajirekebisha bila kulazimika kusema amekosea. Asiye na busara atakuwa angalau amekupa jibu moja, nawe umeliandika tarehe.

Hatua ya 7: Grupu la WhatsApp liwe na kazi moja

Grupu la kazi lisichanganywe na picha za harusi, dua na matokeo ya mpira. Fungueni la pili la mambo hayo, nalo litachangamka kuliko la kwanza. La kazi liwe na taarifa za magari, loti na zamu. Aliyetajwa ndiye ajibu, kwa kurudia alichoelewa. Dole gumba halihesabiki. Ujumbe wa sauti wa dakika nne haukubaliki kwa mtu aliyeshika kalamu, labda awe njiani, naye akifika auandike. Na mtu asisemwe kwenye grupu. Hilo nimelieleza hapo juu na linafanya kazi vilevile kwenye simu, tena vibaya zaidi, maana linabaki limeandikwa.

Hatua ya 8: Makabidhiano ya zamu yafanyike kwenye mzigo

Makabidhiano ya getini, mmoja akiwa ameshavaa kofia ya pikipiki, siyo makabidhiano. Tembeeni pamoja ghalani. Anayetoka aonyeshe kwa kidole kilichomalizika, kilicho nusu, kilichokatazwa kuguswa na sababu yake, na turubai gani linavuja. La mwisho hilo ni muhimu kuanzia Novemba na Desemba mvua zinapoanza, maana korosho zilizolowa usiku hazina wa kuzijibia asubuhi. Anayeingia arudie. Wote watie sahihi.

Pengine mtasema muda haupo. Muda wa kutafutana kwa simu saa 5 usiku huwa unapatikana.

Kimakonde, Kiyao, na utani

Haya hayana hatua, ila yanauliziwa.

Vibarua wakibeba mzigo wakiongea Kimakonde, Kimakua au Kiyao, waache. Kazi nzito ina nyimbo na maneno yake, na mgeni kutoka Mwanza asidhani kila kicheko ni chake. Ila linapokuja suala la loti, uzito, gari au hatari, lugha ni Kiswahili na kwa sauti, hata kama wote waliopo ni wa kijiji kimoja. Sababu ni moja tu: karani aliye upande wa pili wa rundo lazima asikie. Sema sababu hiyo waziwazi, usije ukaonekana unakataza lugha ya watu.

Utani nao unasaidia kazi. Watani wanaambiana ukweli ambao msimamizi hawezi kuusema, na wanamaliza mchana wakila sahani moja. Mipaka ni miwili kwa maoni yangu. Utani usimguse mgeni ambaye hajaingizwa kwenye utani huo. Na msimamizi asiutumie kutoa onyo, kwa sababu aliyeonywa atakuwa na haki ya kusema alidhani ni mchezo.

Hatua ya 9: Mazungumzo yakishindikana, andika

Kuna siku maneno ya faraghani hayatoshi. Mtu amerekebishwa mara kadhaa kwa njia nzuri na bado anafika amelewa, au msimamizi analipa vibarua pungufu na anakata simu akiulizwa.

Ukiwa msimamizi, onyo liandikwe, liseme kosa, tarehe na unachotaka kibadilike, na mhusika apewe nakala. Jambo likiwa la kumfukuza mtu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka apewe muda wa kujiandaa kujibu usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake wa kumsaidia. Kumwita mtu ofisini saa 4 na kumpa barua saa 4 na nusu kutakurudia.

Ukiwa mfanyakazi, anza kwa kuandika kumbukumbu zako: siku, saa, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Muone msimamizi, kisha aliye juu yake, kwa barua fupi yenye nakala unayobaki nayo. Ikishindikana kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo inaanza kwa kuwakalisha pande zote mezani. Malalamiko ya kuachishwa kazi yapelekwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama ya mishahara, ndani ya siku 60. Kibarua wa msimu ajue kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na msimu wetu wengi hawaufikishi muda huo. Pesa aliyoifanyia kazi bado anaweza kuidai. Kwa hiyo makubaliano ya malipo kwa gunia, au kwa siku, ayapate kwa maandishi yakiwa na sahihi ya msimamizi kabla hajabeba gunia la kwanza, na kila jioni aandike idadi yake na kumwomba karani aitie sahihi palepale kwenye mzani.